Singer au Sen, Nagel au Chalmers, Mamdani au Shivji: nani atasomwa na vitukuu vyetu?

Ni mwanafikra gani aliye hai leo anastahili muda wako, na yupi kati yao atasomwa karne ijayo? Umaarufu wa leo si jibu. Mwaka 1908 Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilikwenda kwa mwanafalsafa wa Kijerumani, Rudolf Eucken. Leo mwanafunzi anaweza kumaliza shahada zote tatu za falsafa asikutane naye hata kwenye tanbihi. Mwaka 1963 Edmund Gettier, mhadhiri wa Marekani ambaye hakuwa na jina, alitoa makala ya kurasa tatu kuhusu maana ya kujua. Alifariki 2021 akiwa ameongeza machache sana, na kurasa zile tatu bado zinafundishwa popote panapofundishwa nadharia ya maarifa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mambo ya fikra hiyo ni nusu ya habari, kwani hata chema hutaka wa kukibeba. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki 1840. Mashairi yake yalibaki midomoni mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor walipoyakusanya mwishoni mwa karne ile, na kitabu kikachapwa 1940, miaka mia kamili baada ya kifo chake. Bila Mwalimu Sikujua tungekuwa tunataja jina tu, mashairi hatuna.

Kwa hiyo anayeuliza ni mwanafikra gani aliye hai anastahili muda wake asianze na umaarufu. Aangalie mambo manne. Je, hoja inasimama hata tukio lililoizaa likishasahaulika? Je, inaingia katika kipindi kimoja cha darasa? Ina wapinzani wa kweli, maana anayekubaliwa na wote hana anayemrudia? Na je, imegeuka chombo ambacho watu hukitumia bila hata kumjua aliyekitengeneza? Hili la nne lina mtego, nasi tutauona kwa Sen.

Tumechukua jozi tatu. Kila jozi inalima shamba moja kwa majembe tofauti.

Njaa ya Bengal, mara mbili: Peter Singer na Amartya Sen

Singer, mwanafalsafa wa maadili, alizaliwa Melbourne, Australia, 1946. Makala yake kuhusu njaa na wajibu wa wenye nacho aliiandika 1971, mamilioni ya wakimbizi wa Bengal Mashariki wakiwa wanavuka mpaka kuingia India. Ilipotoka 1972 Bangladesh ilikuwa imeshazaliwa na wakimbizi walikuwa wanarudi makwao. Tukio lilipita kabla wino haujakauka, lakini makala ikabaki, na imebaki zaidi ya miaka hamsini. Hakuna dalili bora kuliko hiyo.

Ni kurasa 15. Unapita kando ya dimbwi, unamwona mtoto anazama, na maji hayafiki kifuani mwako. Ukiingia utalowa na viatu vitaharibika. Hakuna atakayekuelewa ukiendelea na safari yako. Singer anachukua jambo hilo ambalo kila mtu analikubali na kulifanya kanuni: ukiweza kuzuia baya bila kupoteza kitu chenye uzito unaolingana nalo, ni wajibu wako kulizuia. Kisha anaongeza mambo mawili yanayouma. Umbali haupunguzi wajibu, na wingi wa wengine wanaoweza kusaidia haukuondolei wako.

Msomaji wa Kiswahili ana jibu tayari: fimbo ya mbali haiui nyoka. Si jibu la mchezo. Methali haisemi kwamba nyoka wa mbali si hatari. Inasema huwezi kumfikia. Singer mwenyewe alikiri kwamba zamani umbali ulikuwa kisingizio cha haki, ila mawasiliano na usafiri wa haraka vimekifuta. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya 2007, mtu aliye ng'ambo anaweza kufikisha pesa kijijini kabla chai haijapoa, na yapo mashirika yanayofanya hivyo hivyo kwa kaya maskini za Kenya. Fimbo imerefuka, kwa hiyo methali inahitaji hoja mpya kuitetea.

Makosa ya kufundisha makala hii ni yale yale kila mahali. La kwanza, kikundi hukimbilia kubishana kama misaada inafanya kazi. Hilo ni swali la takwimu, na kanuni haijaguswa. Liwekeni kando kwa saa nzima ya kwanza. La pili, Singer anatoa kanuni mbili, kali na laini. Ile laini inakutaka utoe mpaka pale unapoanza kupoteza kitu chochote chenye uzito wa kimaadili. Wasomaji huishambulia kali na kujiona wameangusha zote mbili. La tatu ndilo letu zaidi: mtu wa Singer anapita kando ya dimbwi peke yake, akiwa na mshahara wake na hiari yake. Kwetu mshahara huo tayari una ada ya mtoto wa dada, mchango wa harusi na rambirambi. Undugu ni wajibu unaoshindana na dimbwi, au ni dimbwi jingine lililo karibu? Singer anasema ukaribu unaeleza kwa nini tunasaidia upesi zaidi, lakini hauthibitishi kwamba ndivyo inavyotupasa. Hapo ndipo mjadala wa kweli unapoanzia, na ungeweza kuendelea miaka mia.

Yapo yanayomchafua. Maoni yake kuhusu watoto wachanga wenye ulemavu mkubwa yalizua maandamano Ujerumani 1989 na Princeton 1999. Vuguvugu la hisani lililokua kutokana na mawazo yake lilipata doa pale Sam Bankman-Fried, mfadhili wake mkubwa, alipokutwa na hatia ya ulaghai 2023. Madoa haya yataingia katika wasifu wake. Hayataingia kwenye dimbwi.

Sen, mchumi na mwanafalsafa, alizaliwa Santiniketan, Bengal, 1933. Njaa ya 1943, inayokadiriwa kuua watu kama milioni tatu, aliiona akiwa na miaka tisa. Katika kitabu chake cha 1981 alifanya kitu ambacho Singer hakujaribu: aliuliza njaa inatokeaje. Kwa hesabu zake, chakula cha Bengal mwaka 1943 kilipungua kama asilimia 5 tu chini ya wastani wa miaka mitano iliyotangulia, na kilizidi kile cha 1941 kwa asilimia 13. Mchele ulikuwepo. Kilichokatika ni kamba kati ya mtu na mchele. Bei zilipandishwa na matumizi ya Vita vya Pili vya Dunia, na kibarua wa shambani, mvuvi na kinyozi wakakuta kazi yao hainunui tena chakula. Njaa ikibana, watu huacha kunyoa kwanza. Kinyozi anafikwa na njaa huku ghala la mtaa wa pili limejaa.

Haki hiyo ya kukifikia chakula, kwa kazi, shamba, biashara au msaada wa dola, ndiyo chombo cha Sen, na chombo hicho hupimika. Ukitaka kukitumia, chukua kaya moja, andika vyanzo vyake vyote vya kupata chakula, kisha uliza kipi kitakatika kwanza mvua ikikosa, bei ya mahindi ikipanda maradufu au mnunuzi wa samaki asipokuja. Maofisa wa maafa wanafanya hivyo kila msimu, na wengi wao hawajawahi kusoma ukurasa wake mmoja. Vivyo hivyo faharasa ya maendeleo ya binadamu inayotajwa magazetini kila mwaka tangu 1990: mchumi wa Pakistan, Mahbub ul Haq, ndiye aliyeisukuma, Sen akiwa nyuma ya wazo.

Ndio mtego tuliousema. Chombo kikifaulu sana, jina la fundi hupotea. Tatizo jingine ni kwamba maandishi ya Sen yametawanyika, mengine yamejaa hisabati, na wazo lake la kupima maisha kwa uwezo wa mtu kufanya na kuwa hakulifunga katika orodha. Mwanafalsafa Martha Nussbaum ndiye aliyetoa orodha ya mambo kumi, na walimu hupenda orodha. Pia dai lake linalonukuliwa zaidi, kwamba njaa kubwa haijawahi kutokea penye demokrasia inayofanya kazi, ni dai la matukio. Wapinzani humtajia Malawi 2002 na Niger 2005. Dai la matukio linaweza kuangushwa na mwaka mmoja mbaya. Dimbwi haliangushwi na mwaka wowote.

Basi kwa anayetaka kubadili namna anavyofikiri, Singer. Kwa anayefanya kazi ya lishe, kilimo au bajeti, Sen bila kusita. Kwa karne ijayo tunaona Singer akifundishwa kwa jina na Sen akitumiwa bila jina.

Ndani ya kichwa: Thomas Nagel na David Chalmers

Nagel, mwanafalsafa wa Marekani mzaliwa wa Belgrade 1937, alichapisha 1974 makala ya kurasa 16 kuhusu popo. Popo huuona ulimwengu kwa mwangwi wa sauti yake. Tunaweza kujua yote kuhusu masikio yake, ubongo wake na mawimbi yale, na bado tusijue kwake yeye hali hiyo ikoje kwa ndani. Kwa hiyo maelezo ya kisayansi yanayomwona kutoka nje yanaacha kitu.

Mswahili yuko nusu njia tayari, maana anajua kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini yupo pia anayeleta kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapo mwalimu awe macho. Kitanda unaweza kukilalia kesho ukajua. Upopo huwezi kuulalia kamwe: hata ukijigeuza kidogo kidogo, utajua ingekuwaje wewe kuishi kama popo, hutajua ilivyo kwa popo. Tofauti hiyo ndiyo makala nzima. Anayeikosa ameondoka na methali, si na hoja.

Chalmers, mwanafalsafa wa Australia, alizaliwa 1966. Mwaka 1995 alilitenga tatizo la fahamu (kwa nini kazi ya ubongo huambatana na kuhisi kwa ndani) na kuliita gumu, akayaweka upande mwingine matatizo aliyoyaita mepesi, kama vile ubongo unavyokumbuka au unavyogawa umakini. Mepesi kwa maana kwamba tunajua jibu lake litafanana na nini. Mwaka 1998 aliwekeana dau na mwanasayansi wa ubongo Christof Koch: je, katika miaka 25 itapatikana alama ya wazi ya fahamu kwenye ubongo? Juni 2023 huko New York Koch alikubali kushindwa na kumkabidhi kreti ya mvinyo. Mwaka huo huo wa 1998, pamoja na mwanafalsafa mwenzake Andy Clark, Chalmers aliandika kwamba daftari la mtu mwenye ugonjwa wa kusahau linaweza kuhesabiwa sehemu ya akili yake. Simu zilipojaa mifukoni, makala hiyo ikazidi kusomwa.

Uzito wao kwa kesho haulingani. Chalmers ameweka jina lake juu ya tatizo. Sayansi ikilitatua, atakuwa kama wale waliosema uhai una nguvu ya siri isiyoelezeka kwa kemia: tutamsoma kama historia ya kosa la heshima. Isipolitatua, atakuwa lango ambalo kila mtu anapitia, hasa sasa ambapo watu wanauliza kama mashine inayojibu maswali inahisi chochote. Nagel hana dau hilo. Hata fahamu ikielezwa yote, popo ataendelea kuonyesha maelezo hayo yalitakiwa kuvuka nini. Tukilazimishwa kutaja maandishi mamoja tu ya mtu aliye hai yatakayokuwa darasani mwaka 2124, tutataja haya.

Anayevutwa na akili ya mashine aanze na Chalmers, lakini asome makala ya 1995 kabla ya kitabu cha 1996. Wengi hufungua kitabu, wanakwama kwenye sura za mantiki, kisha wanasema falsafa haina maana.

Dola na mwananchi wake: Mahmood Mamdani na Issa Shivji

Hawa nao ni wa 1946, Mamdani, mwanazuoni wa siasa, akizaliwa Mumbai na kukulia Kampala, Shivji, mwanasheria, akizaliwa Kilosa. Mamdani alifukuzwa Uganda 1972 pamoja na Waasia wengine na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1973 hadi 1979. Wote wawili waliiva katika mabishano yale ya Mlimani, yaani chuoni hapo, ambapo makala ilijibiwa kwa makala na hakuna aliyeogopa kupingwa hadharani.

Kitabu cha Mamdani cha 1996 kina wazo moja linalobebeka. Mkoloni alijenga dola yenye vyumba viwili. Mjini kulikuwa na raia mwenye sheria na mahakama. Shambani kulikuwa na mtawaliwa chini ya chifu, ambaye mkononi mwake mila, hukumu, kodi na ardhi vilikuwa ngumi moja. Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi katika chumba cha mjini, ukakiacha kile cha shambani kama kilivyokuwa, au ukakikaza kwa amri za kutoka juu.

Kabla ya kusonga mbele, tazama Kiswahili kinavyotuchezea. Neno raia limetoka katika Kiarabu, ambako lilikuwa na maana ya watu walio chini ya mtawala, kwa mzizi ule ule wa kuchunga mifugo. Yaani lugha yetu ilimchukua mchungwa ikampa kitambulisho cha mwenye haki. Tofauti ambayo Mamdani anaieleza kwa kitabu kizima imo ndani ya neno moja, na atakayemfasiri itabidi aanze hapo.

Wazo hilo hupimwa kirahisi hapa kwetu. Tanganyika ilifuta uchifu kisheria 1963. Uganda ilirudisha falme 1993. Kenya bado ina chifu anayelipwa mshahara na serikali. Ikiwa Mamdani yuko sawa, historia ya siasa za kikabila katika nchi hizi tatu inapaswa kutofautiana kwa namna inayofuata maamuzi hayo. Kiasi fulani inafuata, na mwaka 2012 yeye mwenyewe alirudi kwa Nyerere kama mfano wa aliyeivunja nyumba ile ya vyumba viwili. Wapinzani wake husema anapakaza chokaa moja Afrika nzima, kwamba machifu wengi hawakuwa na nguvu hizo, na kwamba uchumi umemponyoka.

Uchumi ndio shamba la Shivji. Mwaka 1970, akiwa bado kijana, aliuliza swali lisilopendeza: baada ya Azimio la Arusha, mali iliyotaifishwa inamilikiwa na nani hasa? Jibu alilikamilisha katika kitabu cha 1976: na tabaka la warasimu lililokalia dola. Lakini maandishi yake yatakayodumu zaidi, kwa maoni yetu, huenda ni ya ofisini. Aliongoza Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi ya 1991 na 1992. Tume ilipendekeza hatimiliki ya msingi ya ardhi ya kijiji iondoke kwa Rais na ikae kwa mkutano mkuu wa kijiji. Serikali ilikataa. Sera ya 1995, kisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za 1999, zikaiacha ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini. Kila mgogoro wa mwekezaji na wanakijiji unalifungua upya faili lile.

Pendekezo lililokataliwa huishi kuliko lililokubaliwa, maana lililokubaliwa humezwa na utekelezaji. Shivji pia ameandika kwa Kiswahili, jambo ambalo kwa msomaji wa kesho wa Tanzania lina uzito kuliko tuzo. Nje ya Tanzania, Mamdani atamshinda kwa mbali. Ndani, tungeweka dau kwa Shivji, ila kwa sharti: ripoti ya tume na insha zake zipatikane maktaba za wilaya, si Mlimani tu.

Wawili wa kupitia haraka

Kimberlé Crenshaw, mwanasheria wa Marekani, kwa makala ya 1989 yenye kurasa 29, alichukua kesi ya wanawake weusi watano dhidi ya kampuni ya magari ya General Motors iliyoamuliwa 1976. Mahakama ilikataa kuwachukulia kama kundi: walioajiriwa walikuwapo wanawake (weupe) na walikuwapo weusi (wanaume), basi ubaguzi uko wapi? Kesi ni ya wazi kiasi kwamba makala itadumu. Neno alilolizaa, "intersectionality" (makutano ya ubaguzi), limekuwa kelele, kwa hiyo soma kesi kwanza.

Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, katika kitabu cha 1997, alidai kwamba Wayoruba kabla ya ukoloni walipanga jamii kwa umri zaidi kuliko jinsia. Anayesema "mdogo wangu" bila kutaja ni wa kike au wa kiume ataelewa upesi. Wapinzani wanasema lugha isiyotaja jinsia haithibitishi jamii isiyoibagua, na Kiswahili chenyewe ni ushahidi wao mzuri.

Jinsi ya kuchagua na kusoma

Usichague kwa kuwa mtu yu hai. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na wanafalsafa Mudimbe na MacIntyre wote walifariki ndani ya miezi michache ya 2025, na orodha yoyote ya walio hai huchakaa mezani. Chagua andiko.

Kikundi cha watu watano hadi wanane kinatosha. Wakizidi kumi, watatu wanaongea na waliobaki wanasikiliza. Piga nakala za makala fupi, si kitabu. Wiki ya kwanza someni kwa sauti, aya kwa aya, bila kupinga. Kila mtu aandike hoja kwa sentensi tatu: dai, sababu, na kile kinachodhaniwa bila kusemwa. Wiki ya pili linganisheni sentensi hizo. Zisipofanana, hamjasoma kitu kimoja. Wiki ya tatu leteni mpinzani mmoja. Ya nne, jaribuni hoja kwa jambo la hapa hapa: mchango, shamba la kijiji, simu. Kinachoharibu mara nyingi ni kuanza na mpinzani, kwani wasomaji hupata kinga kabla ya ugonjwa.

Mkubaliane pia maneno mapema. Fahamu kwetu ni kuelewa, na pia ni kinyume cha kuzimia. Nagel hasemi la kwanza, na la pili ni sehemu tu. Jina la makala yake mfasiri wa haraka ataandika "Kuwa popo ni kama nini?" na msomaji ataanza kutafuta kinachofanana na popo. Nagel alilazimika kuweka tanbihi kueleza kwamba hazungumzii kufanana. Kwa Kiswahili tanbihi hiyo haihitajiki. Andika tu: Kuwa popo kukoje?